Duaradufu si Yai: Kiswahili na Kanuni za Kepler

Miongoni mwa hoja zinazotolewa dhidi ya kufundisha sayansi kwa Kiswahili, iliyo maarufu zaidi ni ile ya uhaba wa istilahi. Mintarafu elimu ya falaki, hoja hiyo haina nguvu. Sayari, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni maneno ya siku nyingi, na duaradufu limekwisha kuingia katika kamusi. Upungufu uko kwenye sentensi. Makala haya yanahakiki sentensi tatu ambazo aghalabu hutumiwa kueleza kanuni za Johannes Kepler, na kuzipima kwa mambo yanayoweza kuonekana Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa.

Sentensi ya kwanza husema kwamba dunia hulizunguka jua katika njia yenye umbo la yai, jua likiwa katikati. Sentensi hii ina makosa mawili. Kepler mwenyewe, alipokuwa akishindana na vipimo vya Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe, aliijaribu njia ya umbo la yai, kisha akaitupa kwa sababu haikulingana na vipimo hivyo. Kitabu chake cha mwaka 1609, Astronomia nova, kiliweka duaradufu mahali pa yai. Anayeandika leo kuwa duaradufu ni yai anamrudisha msomaji kwenye kosa ambalo mtaalamu huyo alikwisha kulivuka. Yai lina ncha mbili zisizofanana, nalo humfanya msomaji akitafute kiini katikati. Duaradufu ncha zake ni sawa, na jua haliko katikati yake. Mkulima wa Njoro akichomeka vigingi viwili, akavizungushia kitanzi cha kamba iliyolegea, kisha akachora ardhini kwa kijiti kinachoikaza kamba hiyo, atapata duaradufu. Jua ni kigingi kimoja. Penye kigingi cha pili hapana kitu. Njia ya dunia inakaribia mno kuwa duara, walakini jua limesogea kutoka katikati kwa kilomita milioni 2.5 hivi.

Sentensi ya pili husema kwamba mstari unaounganisha sayari na jua hupitia maeneo sawa katika muda ulio sawa. Haina kosa, ila ni bubu: mwanafunzi huikariri bila kujua inamwambia nini. Inamwambia kuwa sayari huenda mbio zaidi inapokuwa karibu na jua. Dunia hulikaribia jua mapema mwezi wa Januari na kuwa mbali nalo mapema mwezi wa Julai. Jambo hili lapimika Nakuru kwa fimbo na kalenda, kwa kuwa mji huo uko kusini kidogo tu ya ikweta, ambayo huikata barabara ya kwenda Baringo karibu na Mogotio. Kivuli cha fimbo iliyosimamishwa wima, jua likiwa juu kabisa, huangukia upande wa kusini tangu karibu na tarehe 20 Machi hadi karibu na tarehe 23 Septemba. Baadaye huhamia kaskazini. Siku za kusini ni 186 au zaidi kidogo. Za kaskazini ni 179 au pungufu kidogo. Kila upande ni takriban nusu ya mzunguko, lakini nusu yenye Januari humalizika upesi kwa juma zima.

Sentensi ya tatu husema kwamba sayari iliyo mbali zaidi huchukua muda mrefu zaidi kulizunguka jua. Hilo lilijulikana kabla ya Kepler. Alichokitoa mwaka 1619 ni kipimo: kipeo cha pili cha muda hulingana na kipeo cha tatu cha umbali. Kanuni hiyo huvitawala pia vyombo vinavyoizunguka dunia, na mfano wake uko Longonot, kilipofunguliwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti mwaka 1970. Setilaiti inayoonekana kutulia juu ya ikweta iko kilomita 42,000 hivi kutoka kitovu cha dunia, na mzunguko wake ni wa siku moja. Mwezi uko mbali takriban mara 9 ya hapo. Kipeo cha tatu cha 9 ni 729, na 729 ni kipeo cha pili cha 27: ndiyo siku 27 na ushei ambazo mwezi huchukua kuizunguka dunia.

Wako watakaodai kuwa usahihi wa namna hii ni mzigo kwa mtoto, na kwamba yai ni tashbihi tu. Tashbihi, hata hivyo, huteuliwa kwa ajili ya sifa inayofundishwa. Hapa sifa hiyo ndiyo iliyopotea. Kamba na vigingi si vigumu kuliko yai. Kadhalika neno sheria, linaloandamana na kitenzi kutii, humfanya msomaji adhani sayari zimeamriwa na zingeweza kuasi. Neno kanuni linafaa zaidi, kwani asili yake ya Kiyunani ni ufito wa kupimia.

Nchini Kenya, ambako sayansi ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza, kila sentensi legelege ya Kiswahili huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya lugha yenyewe. Mshtakiwa wa haki ni mwandishi aliyeshika neno la karibu kabla ya kulipima.