Kumtazama Ndege wa Uani

Anayetaka kujifunza kutazama ndege Kasungami asiende mbali. Aende asubuhi kwenye mashine ya kusaga, kina mama wakiwa wamepanga mabeseni yao wakingoja zamu na chenga za mahindi zimemwagika mlangoni. Pale chini, kati ya miguu ya watu, kuna tetere wenye nusu ukosi mweusi shingoni. Kuna shomoro wa kichwa cha kijivu. Na mvua zikishakolea huja fumbwe dume, mweusi kwa mweupe, mdomo mwekundu, mkia umemzidi mwili, akiwafukuza hata walio wakubwa kuliko yeye. Wote waliosimama pale wanawaona ndege hao. Wanaowatazama ni wachache. Kutazama huko ndiko ninakotaka kukusifu, maana ni ufundi kamili, wenye hatua zake na uanagenzi wake, na hauhitaji mtaji.

Kasungami iko katika komini ya Annexe, ile iliyoizunguka Lubumbashi pande zote, mahali mji na pori vinapogusana. Nyumba ya tofali ambayo haijaezekwa, shamba la mihogo, mwembe, nyaya za umeme na kichuguu kirefu kuliko nyumba, vyote unaweza kuvikuta katika kiwanja kimoja. Kwa mtazama ndege hii ni bahati kubwa. Ndege waliozoea watu na ndege wa miombo wanakutana kwenye ua uleule, na mtu anaweza kuwajua akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, chai mkononi.

Ufundi wenyewe unaanza kwa kujizuia kutaja jina haraka. Kwanza ukubwa: huyu ni mdogo au mkubwa kuliko shomoro? Kisha mdomo, kwa sababu mdomo unakutajia chakula: mfupi na mnene ni wa mbegu, mwembamba uliopinda ni wa maua, mwembamba ulionyooka mara nyingi ni wa wadudu. Halafu mwendo. Tetere hutembea, shomoro huruka kwa miguu yote miwili pamoja, kiluwiluwi wa kando ya mtaro hukimbia, husimama ghafla na kutikisa mkia. Baada ya hapo sauti, kisha mahali, kisha saa na mwezi. Jina litakuja lenyewe, na likichelewa hakuna kilichoharibika, kwani umeshamjua ndege kabla ya kujua anavyoitwa. Darubini ni nzuri kwa aliye nayo. Asiye nayo aongeze subira.

Ningeambiwa nichague ndege mmoja wa kumfundishia mtu, ningemchagua kwera, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, anayejaza viota vinavyoning'inia kwenye mchikichi au mianzi. Kelele zake huchosha watu, na wako wanaokata matawi ili ahame. Lakini kaa chini ya mti huo mvua zikianza, umfuate dume mmoja tu, wengine uwaache. Anatua ukingoni mwa jani la mchikichi, analiuma, analishika, kisha anaruka. Kwa nguvu ya kuruka kwake jani linachanika, unatoka uzi mrefu wa kijani, naye anaondoka nao. Anauzungusha kwenye kitawi, anaupenyeza chini, anauvuta, anausukuma tena upande wa pili, mpaka fundo linakaza. Hatumii tope wala mate. Anasuka kwanza pete iliyosimama wima, anaingia na kusimama ndani yake, na kuanzia hapo hahami: mbele na nyuma anasuka hadi pale mdomo wake unapofika. Ndiyo maana chumba kinalingana na mwili wake. Kipimo ni yeye mwenyewe.

Kazi ikiisha ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapigapiga mbawa ili umanjano wake uonekane, na anaita. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa ndani akizijaribu. Akiridhika, ataleta mwenyewe nyasi laini za kutandika. Asiporidhika huondoka. Kiota kikikaa siku kadhaa bila kukubaliwa, majani yakaanza kunyauka na kupoteza ukijani, dume hukibomoa uzi kwa uzi na kuanza kingine mahali palepale. Mimi nakiheshimu kitendo hicho cha kubomoa kuliko hata kule kusuka.

Nicholas na Elsie Collias, watafiti wa Kimarekani, mume na mke, walitumia miaka mingi kumsoma kwera huyu. Walionyesha kwamba dume hazaliwi fundi. Viota vyake vya kwanza ni vya ovyo, mafundo yamelegea, nyuzi zinaning'inia kila upande. Na madume wachanga walionyimwa majani ya kufanyia mazoezi walibaki nyuma ya wenzao katika kusuka. Mtu mwenye macho anaweza kuyaona hayo Kasungami bila maabara. Pembeni ya mti, mbali na viota vizuri, kuna visuko vibovu ambavyo hakuna jike anayeviingia. Mara nyingi hivyo ni vya vijana walio mafunzoni.

Hata mayai ya ndege huyu yana habari zake. Jike mmoja hutaga meupe, mwingine ya buluu, mwingine yenye madoa, na kila mmoja hushika aina yake. Sababu ni kekeo mdogo wa kijani, yule anayeita bila kuchoka msimu wote wa mvua, ambaye hutaga katika viota vya wengine. Yai lisilofanana na ya mwenye nyumba hutupwa nje. Kwa hiyo juu ya ule mti wa kelele kuna mvutano wa siku nyingi kati ya mgeni mwenye hila na mwenyeji anayejua mali yake.

Anayetazama mwaka mzima huanza kuishi katika kalenda nyingine. Yule fumbwe wa pale mashineni, kiangazi kikifika watu husema amehama. Yupo. Manyoya yake marefu yamedondoka, amevaa kahawia yenye michirizi, amejichanganya na majike, na kinachomtambulisha ni mdomo uliobaki mwekundu. Jike wake hajengi kamwe: hutaga katika viota vya mshigi, ndege mdogo wa nyasini, na vifaranga wa pande zote mbili hulelewa pamoja. Mbayuwayu nao huonekana kwenye nyaya zetu kuanzia mwezi wa kumi, na kufikia mwezi wa tano hawapo. Huyo unayemwona amekaa juu ya waya wakati wa Noeli, huenda mwezi wa sita alikuwa chini ya paa la zizi huko Ulaya akilisha watoto wake. Amevuka Sahara na msitu wote wa Kongo, naye hana uzito wa barua.

Kwa sababu hiyo nasisitiza daftari, lile la shule, la bei ndogo. Tarehe, mahali, ndege alikuwa akifanya nini. Kumbukumbu ya kichwa hupenda kusawazisha mambo, ikachanganya mwaka huu na ule; karatasi haifanyi hivyo.

Katika siku zote za mwaka, ninayoisubiri zaidi ni jioni ya mvua kubwa ya kwanza, kumbikumbi wanapotoka vichuguuni. Vichuguu vikubwa vya mkoa wetu wa Haut-Katanga ni kazi ya mchwa waitwao Macrotermes falciger, na vingine hufika mita 8. Wanasayansi waliopima umri wa baadhi yake huku Katanga walikuta kimoja kimezidi miaka 2,000, maana yake kilisimama kabla mji wa Lubumbashi haujaanzishwa mwaka 1910, na kabla ya mashimo yote ya shaba tunayoyajua. Sisi tumezoea kukiona kichuguu kama udongo wa tofali, na kweli nyumba nyingi za huku zimetoka humo. Lakini juu yake huota miti na vichaka visivyoota kwenye ardhi ya pembeni, na ndege wanakijua. Kumbikumbi wakianza kutoka, kila ndege anaacha shughuli yake. Shorewanda, ambaye siku nyingine hula matunda, anaruka kutoka kitawini, ananasa mmoja hewani, anarudi. Mbayuwayu wanakata juu. Kunguru wanatembea chini taratibu wakiokota waliokwisha kudondosha mabawa. Watoto nao wako hapohapo na mabakuli, maana kumbikumbi ni kitoweo chetu sote. Kwa muda mfupi watu na ndege wanakula meza moja, na ukitulia utahesabu aina nyingi za ndege kuliko utakazoziona kwa wiki nzima.

Mtu anaweza kudhani kwamba yote ya kugunduliwa yameshagunduliwa na wataalamu. Hapa Katanga kwetu kuna kisa kinachokanusha hilo. Upande wa Likasi kuna ziwa la Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Mwaka 1960, Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alipata hapo kwera mmoja. Ndege huyo alikaa makumbusho hadi 1982, ndipo Michel Louette na Constantine Benson walipotangaza kwamba ni aina ya pekee, wakamwita Ploceus ruweti. Kisha kimya tena, mpaka 2009 zilipochapishwa habari za Louette na Michel Hasson kwamba wamemkuta yuko hai kwenye ziwa lilelile. Karibu miaka 50 imepita hapo, na siku zote hizo kwera huyo hakuwa amepotea. Wavuvi walikuwa wanapita karibu naye kila siku na mitumbwi yao. Aliyekosekana ni mtu wa kumtazama na kuandika.

Kisa kingine ni cha James Chapin. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani huyo aliona unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji na hakuweza kusema ni wa ndege gani. Aliuhifadhi. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wakawekwa pembeni kwa kudhaniwa kuwa tausi wa Asia, na manyoya yao yalikuwa sawa na ule unyoya wake. Hivyo ndivyo dunia ya wasomi ilivyomfahamu tausi wa Kongo. Mwenye kofia, bila shaka, alikuwa akimfahamu zamani.

Hilo linanirudisha kwa watoto wa mtaa, kwa sababu nusu ya ufundi huu tayari wanayo. Mtoto anayetega kwa ulimbo anajua ndege gani hushuka kunywa saa ngapi na tawi gani huanza kukaliwa. Anayebeba manati anajua umbali ambao tetere huvumilia. Kuwakemea tu hakutoshi, na mara nyingi hakufai. Mwaka mmoja chozi alijenga kwenye kitawi cha mparachichi wetu: kifuko kinachoning'inia, kimefumwa kwa utando wa buibui, majani makavu na makapi, mlango ubavuni, kana kwamba ni taka iliyonaswa na upepo. Kijana wa jirani akanikuta nimekaa.

"Papa, uko unaangalia nini?"

Nikamwonyesha. Aliangalia mpaka jike akaja, akaingia, mdomo wake mrefu uliopinda ukabaki umechungulia mlangoni. Kijana akasema, "Iko ingine kwetu, nyuma ya choo." Tukaenda kuiona. Tangu siku ile yeye ndiye anayeniletea habari.

Bundi naye anamhitaji mtu wa aina hiyo. Watu wengi humpiga mawe kwa hofu ya uchawi. Yule bundi mweupe anayelala darini ni mwindaji wa panya, na chini ya anapolala huacha vidonge vikavu alivyovitapika. Kifungue kimoja kwa kijiti: ndani ni manyoya, mifupa na mafuvu madogo ya panya. Aliyewahi kukifungua atakuwa na neno la kusema siku majirani watakapookota mawe.

Na tuna sababu ya kuharakisha. Makala tunayopikia yanatoka mbali kuliko yalikotoka wakati wa wazazi wetu, maana miombo ya jirani imekatwa. Mlembe, yule anayemwongoza mtu kwenye mzinga wa nyuki, anahitaji miti yenye nyuki. Wako ndege wa miombo wanaotembea kwa makundi ya aina mbalimbali, wakichambua wadudu mti hadi mti. Miti ikiisha, kundi nalo linakwisha. Kongo ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, ni miongoni mwa nchi zenye ndege wengi kabisa Afrika, lakini kwenye eBird, hazina ya orodha iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na inayopokea taarifa za mtu yeyote mwenye simu, sehemu kubwa ya ramani yetu bado ni tupu. Utupu huo hautajazwa na wageni wanaopita wiki mbili. Utajazwa na mwalimu wa Kasungami, muuza makala, mama wa shamba la mihogo, mwanafunzi anayengoja basi.

Basi, ndugu msomaji, nunua daftari kabla ya mwezi wa nane. Moshi wa nyasi ukianza kupanda, tazama juu: mwewe mwenye mdomo wa njano hurudi majira hayo, akazunguka ukingoni mwa moto akinasa panzi wanaokimbia. Siku utakayomwona wa kwanza, andika tarehe na jina la mtaa wako, na mwakani ufanye vivyo hivyo.