Dakika 25 za Figo

Kuiondoa figo nzima ni kazi ya zamani. Gustav Simon aliifanya Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869, na mgonjwa wake akapona. Ninayemstaajabia mimi ni mpasuaji anayeondoa uvimbe peke yake kupitia matundu madogo ubavuni, kisha akaiacha figo palepale ikiendelea kuchuja damu.

Kinachonivutia kwanza ni subira yake. Tumbo likishajazwa gesi na kamera ikaingia, haukimbilii uvimbe. Husogeza utumbo mpana, hupenya mafuta yanayoizunguka figo, hutafuta ateri na vena na kuzisafisha mpaka zionekane wazi. Kisha hupitisha kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya figo yenyewe ili ajue uvimbe umezama kiasi gani, na kuzunguka ukingo wake huchora alama kwa ncha ya umeme. Nyuzi za kushonea zimekwisha kukatwa kwa urefu unaotakiwa. Muda mwingi umepita na figo bado haijaguswa na mkasi.

Maandalizi yote hayo ni kwa sababu ya kibanio kitakachoziba ateri ya figo. Figo mbili hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo ukikata bila kuziba ateri hutaona kitu. Ukiiziba, figo inaanza kukosa hewa. Wapasuaji wengi hujitahidi wasizidishe dakika 25, na wanafurahi zaidi zikipungua.

Sasa hukata, tena kwa mkasi usio na moto. Moto huunguza na kuficha rangi, na rangi ndiyo inayomwongoza: nyama ya figo yenye afya ni nyekundu iliyokolea, ilhali saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi huelekea manjano. Akiona manjano pale anapokata, ameusogelea uvimbe mno. Lazima ashuke chini zaidi.

Lakini ustadi wenyewe uko kwenye mshono. Nyama ya figo ni laini, na fundo likikazwa sana uzi huipasua. Mshono wa kwanza hupita chini ya kidonda ukifunga mishipa iliyokatwa, pamoja na njia ya mkojo kama imefunguka. Wa pili huvuta kingo zikutane. Badala ya kupiga fundo, wengi huteleza kibanio kidogo cha plastiki juu ya uzi, taratibu, mpaka kikae juu ya ngozi ya figo na kuibonyeza kidogo tu. Na akifanya kazi hii kwa roboti, nyingi zinazotumika hazimpi mpasuaji hisia ya mguso mikononi. Kukaza na kulegeza hupima kwa jicho. Na wakati wa haya yote saa inahesabu. Inderbir Gill na wenzake wa Cleveland Clinic, Marekani, walioiendeleza kazi hii kwa matundu madogo, walishona figo kwa vyombo virefu vilivyonyooka, bila roboti. Kwangu huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Siyo kila uvimbe unaokubali. Ukiwa mkubwa sana, au ukiwa umeingia kwenye vena, mara nyingi figo nzima huondolewa, na ni sawa. Ila uvimbe usiozidi sentimita 4 ndio unaostahili zaidi jitihada hii, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambaye figo ya pili huenda nayo imeanza kuchoka.

Basi wewe au nduguyo mkiambiwa kuna uvimbe mdogo kwenye figo, kabla ya kusaini karatasi ya ridhaa muulizeni daktari: figo hii haiwezi kubakizwa? Akisema hapa hawafanyi, ombeni awaelekeze wanakofanya.