Bikoni iliyopotea Matombo

Tuseme shamba la karafuu na migomba liko kwenye mteremko wa Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, na mpaka wake mmoja umenyooka. Bikoni ya chini, yaani alama ya pembe ya shamba, ipo. Mti uliopandwa katikati ya mpaka upo. Bikoni ya juu imezolewa na maji ya mvua. Ilikuwa wapi?

Darasani ni kazi ya dakika moja. GPS, kanda ya 37 Kusini, inasoma bikoni ya chini mashariki 364,120, kaskazini 9,217,340. Mti uko 364,158 na 9,217,361. Umesogea mita 38 mashariki na 21 kaskazini. Sogea tena vivyo hivyo, unafika 364,196 na 9,217,382. Yaani nukta ya kati mara mbili, toa ncha unayoijua.

Tatizo ni kwamba kanuni hii inakuza makosa. GPS ya mkononi hukosea mita 3 bila shida, na chini ya miti hukosea zaidi. Mita 3 kwenye mti zinaihamisha bikoni mita 6. Bikoni ya chini nayo ikikosewa mita 3 kuelekea upande wa pili, zinakuwa 9, yaani kama mistari mitatu ya migomba ya jirani. Basi mti ndio wa kupimwa mara kadhaa, kwa nyakati tofauti. Na Matombo ardhi si ya kuchezea: mwaka 1955 matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni yalizua ghasia hapo hapo.

Kupima kwa kamba nako kuna mtego. Kwa namba zetu, bikoni na mti viko mita 43 hivi kwenye ramani, lakini mteremko ukiwa nyuzi 30, kamba iliyolazwa ardhini inasoma 50. Kutoka kwenye mti kwenda juu pakiwa tambarare, ukiendeleza mita 50 utapitiliza kwa zaidi ya 6.

Kwa hiyo waulizwe kwanza wazee wa ukoo: katikati ilipatikanaje? Kama ni kwa kamba iliyolazwa ardhini, ilazwe tena hivyo hivyo na hesabu iwekwe kando. Kama ni kwa ramani, kamba ishikwe usawa na kuteremshiwa timazi, mita 2 kwa 2, maana kwenye mteremko huo kila mita 2 ardhi inapanda zaidi ya mita moja.