Sifa za Kusubu Kioo cha Madini

Watu wengi wakisikia kioo hufikiri mchanga ulioyeyushwa. Lakini mwaka 1960, mjini Pasadena, Marekani, Pol Duwez na wenziwe walitangaza ya kwamba wamepata kioo cha dhahabu na silikoni, kwa kulirusha tone la myeyusho huo likapigika juu ya bamba la shaba na kupoa kwa kasi ipatayo digrii milioni moja kwa sekunde, hata atomu zake zisipate wasaa wa kujipanga safu kwa safu, kama ilivyo ada ya madini yanapoganda.

Naistahi kazi hiyo. Ila fahari hasa ya sanaa hii naiona katika kuijua tabia ya kiowevu chenyewe. Mwaka 1952 Charles Frank wa Uingereza alikuwa amekwisha kufikiri kwamba katika madini yaliyoyeyuka atomu 12 huweza kuizunguka moja, zikafanya umbo la nyuso 20 za pembetatu. Na kama vile fundi asivyoweza kuijaza sakafu kwa vigae vya pembe tano zilizo sawa pasipo kubaki mianya, ndivyo maumbo hayo yasivyoweza kupangwa yakajenga fuwele. Basi kiowevu chenye mafungamano hayo kwa wingi sharti kiyavunje kwanza ndipo fuwele zijengeke, na katika kukawia huko huzidi kuwa kizito, hata kikaganda kingali katika mchafuko wake.

Ndiyo maana msubu hodari, ili mafungamano hayo yazidi, huchagua atomu zilizohitilafiana ukubwa, tena zinazovutana na za jinsi nyingine kuliko za jinsi yao. Mwaka 1993 Atakan Peker na William Johnson, katika chuo kile kile alichofanyia kazi Duwez, walichanganya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili, wakapata fimbo za kioo zenye kipenyo cha hadi milimita 14, kwa kupoza digrii 10 tu kwa sekunde au chini yake.

Nami nastaajabia uangalifu wa mikono yao wafanyao kazi hii. Tanuri la umeme likisha kutolewa hewa na kutiwa gesi ya agoni, fundi huyeyusha kwanza kipande cha titani peke yake, kinyonye oksijeni iliyosalia, maana oksijeni kidogo tu ikiingia katika zirkoni huziamsha fuwele. Kisha huyeyusha aloi yake, akakipindua kitonge, akayeyusha tena, na tena, mpaka atomu zimeenea sawasawa, ndipo aimiminapo katika kalibu ya shaba.