Hewa ya Mkopo

Injini ya petroli hula hewa kuliko inavyokunywa mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo mtu anayetaka gari lake la michezo liongezeke nguvu, azunguke atakavyozunguka, mwisho atalifikia swali la hewa: injini iachwe ivute yenyewe, au ifungiwe mashine ya kuisukumia? Mashine hizo ni za aina mbili. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda au kwa gia. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, moshi ambao vinginevyo ungepotea bure; Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Zote mbili hubana hewa na kuiingiza kwenye silinda kwa shinikizo. Hewa ikizidi, mafuta huongezwa, na nguvu hupanda.

Nataka kumsifu fundi anayelipokea swali hilo bila pupa. Kufunga turbo ni kazi ya mikono, na mikono mizuri tunayo mingi. Kuamua kama ifungwe au isifungwe ni ustadi wa juu zaidi, kwa sababu hapo fundi hana budi kuliona gari zima, barabara litakazopita na mtu atakayeliendesha, kabla hajashika spana.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Uingereza, swali hili liliwatenganisha watu wawili walioipenda injini moja. Walter Owen Bentley alikuwa ameunda gari la lita 4.5 lenye silinda nne, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1928. Dereva wake, Sir Henry Birkin, ambaye watu walimwita Tim, aliwaona washindani wakija na supachaja, akataka Bentley nayo ifungwe. Bentley alikataa. Kwake yeye, anayetaka nguvu zaidi na aunde injini kubwa zaidi, na tayari alikuwa na ya lita 6.5 yenye silinda sita. Birkin hakukubali. Alipata fedha kwa Dorothy Paget, mwanamke tajiri aliyevutiwa na mbio. Akamwendea mhandisi Amherst Villiers amchoree supachaja, kisha akamshawishi Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni, yaundwe magari 50 ya kuuzwa ili aina hiyo iruhusiwe kushindana.

Supachaja ile ilikaa mbele kabisa, nje ya rejeta, ikizungushwa na ncha ya krenki. Injini ya mashindano iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 130 ikafikia 240. Ukitazama namba hizo peke yake, Birkin alikuwa ameshinda ubishi. Lakini uzito wa supachaja ulikuwa umeangukia pua ya gari, na gari likawa gumu kukunja kona. Mafuta nayo yalikwenda kwa kasi ya kutisha. Le Mans ya 1930, Birkin alimfukuza Rudolf Caracciola aliyekuwa na Mercedes SSK, nayo ya supachaja, akampita huku tairi la Bentley yake likimeguka. Mercedes ile haikumaliza mbio. Bentley za Birkin nazo hazikumaliza. Walioshinda ni Barnato na Glen Kidston, katika Bentley ya lita 6.5 iliyovuta hewa yenyewe, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari la aina hiyohiyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtangaza Bentley mshindi. Haki haituruhusu. Mwaka huohuo Birkin alilipeleka gari lake zito kwenye Grand Prix ya Ufaransa, huko Pau, akashika nafasi ya pili kati ya magari mepesi yaliyoundwa kwa mbio tu. Mwaka 1932, katika uwanja wa Brooklands, aliweka rekodi ya mzunguko kwa kasi ya kilomita 222 kwa saa, akiwa na injini ileile na supachaja ileile. Kwa mzunguko mmoja wa kasi, uamuzi wake ulikuwa sahihi kabisa. Kwa usiku kucha na mchana kutwa, ulikuwa na kasoro. Anayeuliza kama supachaja ni nzuri au mbaya hajauliza bado. Swali hupata maana pale kazi ya gari inapotajwa.

Hewa ya kusukumwa ni mkopo. Hutolewa papo hapo, mguu ukigusa tu pedali, lakini wanaoulipa ni vyuma ambavyo havikuwepo siku ya kukopa. Hewa iliyobanwa hupata joto, na ikiingia silinda ikiwa ya moto, mchanganyiko wa mafuta huweza kujilipua wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi. Mlipuko huo hugonga kichwa cha pistoni, na pistoni hupasuka upesi. Ndiyo maana hewa hupitishwa kwanza kwenye intakula ipoe, ndiyo maana petroli ya oktani ya juu hutakiwa, na ndiyo maana muda wa cheche hupangwa upya. Baada ya hapo deni hushuka chini zaidi: kwenye gasketi ya hedi, kwenye konrodi, kwenye beringi, kwenye klachi, kwenye giaboksi na difu. Oili nayo hupewa kazi ya pili, ya kubeba mhimili wa turbo unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Breki hazidaiwi chochote na injini, lakini ndizo zitakazolisimamisha gari lililokwenda kasi kuliko lilivyokusudiwa.

Porsche walipolitoa 911 Turbo, lililoanza kuuzwa mwaka 1975, walikubali kulipa mapema. Walikuwa wamejifunza turbo kwenye magari yao ya mashindano, kwa hiyo hawakuichukua injini ya kawaida na kuitundikia turbo tu. Walishusha uwiano wa mkandamizo wa silinda hadi 6.5 kwa 1, ili hewa ya ziada ipate nafasi bila kujilipua. Walitumia giaboksi ya gia nne iliyo imara zaidi, wakapanua magurudumu na mabati ya pembeni yake. Mwaka 1978 wakaongeza intakula, injini ikafika lita 3.3, na breki zikachukua mfano wa zile za gari lao la mbio, 917. Wahandisi wale walisema ndiyo, kisha wakaifuata ndiyo yao hadi kwenye bolti za mwisho. Huo ni ufundi ninaouvulia kofia.

Toyota walisema hapana, na hapana yao ilikuwa na kazi nyingi vilevile. Gari lao la 86, lililotoka mwaka 2012 chini ya mhandisi mkuu Tetsuya Tada, lilikuwa na injini bapa ya lita 2.0, iliyoundwa pamoja na Subaru, yenye nguvu za farasi 200 bila turbo. Uwiano wake wa mkandamizo ulikuwa 12.5 kwa 1. Walitaka gari jepesi, lenye uzito ulio karibu na ardhi na injini inayoitika palepale mguu unapotaka, hata kama farasi ni wachache. Kelele za waliodai turbo hazikukoma. Kizazi cha pili kilipotoka mwaka 2021, Toyota wakajibu kwa kuikuza injini hadi lita 2.4, ikaendelea kuvuta yenyewe. Hiyo ndiyo njia aliyoishika Bentley miaka tisini kabla. Mwenye 86 ya kwanza anayetaka turbo leo anapaswa kuiangalia ile 12.5 kwa makini: silinda iliyokwisha kubana hewa kiasi hicho haina nafasi kubwa ya kubaniwa zaidi. Ama ataridhika na shinikizo dogo, ama atabadilisha pistoni na konrodi, na hapo anaunda injini nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina upande wa kimo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini inayovuta yenyewe hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho inapopanda kutoka pwani, hata ikiwa mpya. Turbo huweza kulijaza pengo hilo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi. Bila turbo, injini ilikuwa imepoteza theluthi ya nguvu zake; ilipofungwa turbo, zikarudi zote. Anayeishi Eldoret au Mbeya ana sababu ya kufikiria turbo ambayo mwenzake wa Tanga hana.

Hata hivyo, barabara zetu zimewahi kuyapa ushindi majibu yote mawili. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun zisizo na turbo. Mwaka 1984 Björn Waldegård akaishinda kwa Toyota Celica yenye turbo, na Celica ya aina hiyo ikashinda tena 1985 na 1986. Vumbi lilikuwa lile, na milima ile. Kila chombo kwa wimbile, na kila timu ilikuwa imelitayarisha gari lake kwa jibu ililolichagua, si kwa jibu la jirani.

Fundi ninayemsifu huanza kwa kuuliza. "Bosi, gari hili unalipeleka wapi? Unapanda nalo mlima? Unaweka mafuta kituo gani?" Maswali hayo hayamshuku mteja; yanaulizia njia ambayo gari litapita. Turbo iliyopangwa kwa hewa ya Nairobi, ikishushwa Mombasa, hukutana na hewa nzito na joto la pwani, na kilichokuwa salama juu huenda kisiwe salama chini. Kisha hupima kompresheni ya silinda moja baada ya nyingine, kwa kuwa silinda iliyochoka haiponywi kwa shinikizo. Hukagua rejeta, oili, mipira na breki. Akiona gari linafaa, huchagua turbo ndogo inayoamka mapema, hupanga mafuta na cheche, na huongeza shinikizo kidogo kidogo, akichomoa plagi kuzisoma na kutega sikio lisije likapitwa na mlio wa pistoni inayogongwa.

Halafu huacha. Injini bado ingeweza kutoa zaidi, namba kwenye mashine ya kupimia bado zingepanda, na mteja amesimama pale akitamani. Fundi huacha kwa sababu anaifikiria siku ya jua kali, foleni ndefu, petroli duni na dereva aliyechoka. Nguvu ile aliyoiacha kwa makusudi ndiyo kazi yake bora kabisa, na haionekani popote, wala mwenye gari hawezi kuwaonyesha rafiki zake.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Tumezoea kumlipa fundi kwa alichofunga, na tunamwona mvivu anayetumia nusu siku kupima kisha akasema turbo isifungwe, tuanze na breki na matairi, au tuuze hili tununue lililotoka kiwandani na turbo yake. Kwa mazoea hayo tunawafundisha mafundi kusema ndiyo kwa kila kitu. Ikiwa tunataka ustadi wa kuamua uendelee kuishi gereji, basi fundi alipwe kwa vipimo vyake na kwa muda wake, jibu liwe ndiyo au liwe hapana, na alipwe kwa moyo mkunjufu uleule.