Ustadi wa Kungoja Jibu

Mgonjwa wa kifua akifika hospitali ya Temeke au Mwananyamala, daktari humpima makohozi, humwanzishia dawa, na baada ya miezi kadhaa huona matunda ya kazi yake. Daktari mtafiti wa chanjo hana raha hiyo. Yeye humfuatilia mzima miaka na miaka, ili ajue nani ataugua na nani atasalimika.

Utafiti wa DarDar, uliojaribu chanjo ya kifua kikuu, unauonyesha ustadi huo vizuri. Profesa Kisali Pallangyo wa Muhimbili na Fordham von Reyn wa Dartmouth, Marekani, waliuanza mwaka 2001. Watu 2,013 wanaoishi na VVU jijini Dar es Salaam, wote wakiwa na kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, mkononi, walijitolea. Kura iliamua nani apate chanjo ya majaribio na nani apate maji yasiyo na dawa, na aliyechoma sindano hakujua kilichomo, wala aliyechomwa. Sindano yenyewe inadai mkono mtulivu: ncha hupita juu juu ndani ya ngozi mpaka kiuvimbe kidogo kinyanyuke. Ikizama zaidi, imekosea mahali pake.

Kisha kuna kumpata mtu tena. Mpangaji wa Mbagala mwakani yuko Tegeta, laini ya simu ameshabadilisha, na anwani yake ni “nyuma ya msikiti, uliza dukani”. Kila anayepotea huondoka na sehemu ya jibu. Ndiyo maana heshima anayopewa mshiriki pale kwenye dirisha la kliniki ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kwa waliopata chanjo, kifua kikuu kilichothibitishwa kilipungua kwa asilimia 39. Kuhusu kile kilichosambaa mwilini, ambacho ndicho kilikuwa swali kuu, wagonjwa walikuwa wachache mno kutoa jibu la uhakika. Hilo nalo liliandikwa.

Chanjo hiyo ikatengenezwa kwa njia mpya, ikaitwa DAR-901. Dk. Patricia Munseri wa Muhimbili na wenzake wakaijaribu kwa vijana 667 wa miaka 13 hadi 15. Mwaka 2020 walitangaza kwamba haikuzuia maambukizi ya kifua kikuu.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kutumia miaka kwa ajili ya chanjo unayoitumainia, kisha ukasema wazi kwamba haikufanya ulilotaka, ni uaminifu mkubwa kwa vijana waliotoa mikono yao. Atakayejaribu chanjo nyingine kesho anajua aanzie wapi.