Kutoka Jaladani hadi Mezani pa Fundi: Uhakiki wa Nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Wapenzi wa Sinthesaiza, Kampala hadi Masafu

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya Kiswahili katika jumuiya ya wapenzi wa sinthesaiza inayochipuka Afrika Mashariki. Inaanzia kwa sinthesaiza ya moduli iliyoundwa Kampala na Brian Bamanya, na kuishia katika mazingira ya Masafu, wilayani Busia, Uganda. Hoja kuu ni kwamba jumuiya ya namna hii haijengwi kwa orodha ya istilahi, bali kwa lugha ya kuuliza, kueleza na kutafuta hitilafu. Lugha hiyo tayari imo katika vibanda vya mafundi wa mpakani. Kinachokosekana ni sera ya kuitambua.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2022, lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala ilitoa albamu The Afrorack ya Brian Bamanya, mwanamuziki na mbunifu wa vifaa anayejulikana kisanii kwa jina hilohilo. Jina lenyewe linajibu lingine: Eurorack, mfumo ulioanzishwa Ujerumani na Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990, ambapo vipande vya sinthesaiza, yaani moduli, hupangwa katika fremu moja na kuunganishwa kwa nyaya. Moduli za kununua ni ghali. Bamanya alijifunza mwenyewe kutokana na michoro ya saketi iliyowekwa wazi kwenye intaneti, akatumia vipuri vinavyopatikana nyumbani.

Maandishi mengi yamemsifu kama Mwafrika wa kwanza kujiundia chombo cha aina hii. Sifa hiyo si haba, lakini inamtazama mtu na kuisahau njia. Kuwa wa kwanza kuna maana kamili pale tu wa pili na wa tatu wanapofuata. Kwa hiyo uhakiki hauna budi kuuliza: kijana anayetengeneza redio na simu Masafu angeipitaje njia hiyohiyo, na angeulizia kwa lugha gani?

2.0 Chombo na Maarifa Yake

Msingi wa sinthesaiza ya moduli ni mwepesi kuliko sura yake. Moduli moja huzalisha mtetemo wa umeme unaogeuzwa kuwa sauti. Nyingine huchuja sauti hiyo. Ya tatu huikuza au kuipunguza. Zote hutawaliwa na volteji. Katika kanuni inayotumika zaidi, volti 1 ikiongezeka, sauti hupanda oktavu moja. Chipu moja aina ya 40106, pamoja na rezista na kapasita chache, inaweza kutoa mitetemo sita tofauti kwa nguvu ya betri ya volti 9.

Midundo nayo haiko mbali na msikilizaji wa eneo hili. Mwaka 2005, mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba kanuni ya kale ya hesabu ya Euclid, inayogawa mapigo kwa usawa kadiri iwezekanavyo, huzalisha midundo mingi ya kijadi ya ulimwengu, ikiwemo ya Afrika. Mapigo 3 yakitawanywa katika hatua 8 hutoa: pigo, kimya, kimya, pigo, kimya, kimya, pigo, kimya. Moduli zinazofanya kazi hiyo ni za kawaida siku hizi katika sinthesaiza. Mpiga fumbo wa Wapadhola au mpiga akogo wa Wateso hahitaji kuijua hesabu hiyo ili kulitambua wazo lake. Anahitaji mtu wa kumwambia, kwa lugha anayoielewa, kwamba kitufe hiki huongeza mapigo na kile huongeza hatua.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza kwa sura isiyozoeleka. Mchoro wa saketi wenyewe karibu hauna lugha. Alama ya kapasita ni ileile Tororo na Tokyo. Kinachohitaji lugha ni mazungumzo yanayouzunguka mchoro: kwa nini kipuri hiki kiwekwe hapa, kisipopatikana kiwekwe kipi badala yake, na sauti isipotoka uanzie wapi kupima.

3.0 Kiswahili cha Jaladani

Kiswahili hakijakosekana katika ulingo huu. Lebo iliyotoa albamu ya Bamanya inaitwa Hakuna Kulala. Taasisi inayoendesha mafunzo ya muziki wa elektroniki Nairobi inaitwa Santuri. Singeli ya Dar es Salaam, iliyosambazwa nje kupitia mkusanyo Sounds of Sisso wa mwaka 2017, huimbwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, nje ya mashairi ya singeli, Kiswahili katika ulingo huu kimetumika zaidi kutaja kuliko kufafanua. Kinapamba jalada, maelezo ya namna sauti ilivyopatikana huandikwa kwa Kiingereza.

Hali hii si ya muziki pekee. Kwa miaka ishirini, kuanzia 2005 hadi 2025, Waganda wengi walilijua neno “umeme” kama jina la kampuni iliyowasambazia nishati hiyo. Neno la Kiswahili liliingia nyumba nyingi kupitia ankara, bila lugha yake kuingia nalo. Jina peke yake halifundishi.

4.0 Istilahi na Mtego Wake

Jibu la kawaida la wapangaji lugha ni kuunda istilahi. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ikitangulia matumizi huzaa maneno yasiyo na mwenyewe. Mfano ni moduli inayoamua jinsi sauti inavyopanda, inavyodumu na inavyofifia. Istilahi yake ya Kiingereza, katika matumizi ya kila siku, humaanisha bahasha. Mfasiri akiandika “bahasha ya sauti”, msomaji atafikiria posta. Vivyo hivyo, muunganisho wa nyaya ukiitwa “kiraka” kwa kufuata asili yake ya Kiingereza, fundi atatafuta sindano na uzi. Kwa upande mwingine, “chujio” linafaa mara moja, kwa kuwa kila aliyechuja chai anajua kwamba kuna kinachopita na kinachobaki. “Mpando na mfifio” ungefaa mahali pa “bahasha” kwa sababu unasema kinachosikika.

Kigezo kinachojitokeza ni rahisi: istilahi ipimwe kwa kazi inayoifanya katika maelezo. Neno linalohitaji kurudishwa katika Kiingereza ili lieleweke halijamsaidia fundi.

Mafundi, kwa upande wao, hawajasubiri kamusi. Kiswahili cha vibandani kina “shoti”, “chaji”, “waya umekatika”, “imeungua”, na “moto” kwa maana ya umeme unaopita. Hii ni sarufi nzima ya utambuzi wa hitilafu: kuna kitenzi cha kilichotokea, dalili ya kukitambua, na amri ya kukirekebisha. Mtu anayeweza kueleza kwa nini redio haitoi sauti ana sehemu kubwa ya lugha anayohitaji kueleza kwa nini sinthesaiza imenyamaza.

5.0 Masafu na Mpaka

Masafu iko katika eneo la Wasamia, karibu na mpaka unaozigawa Busia mbili, ya Uganda na ya Kenya. Ukiongeza Tororo, eneo hili lina Lusamia, Lugwe, Kiteso na Dhopadhola, pamoja na Luganda, Kiingereza na Kiswahili. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka.

Pingamizi la haki ni kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya watu hawa, na kwamba nchini Uganda kimebeba kumbukumbu ya kambi za jeshi. Amri ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukipa mapenzi ya watu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitambua kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Historia hii inafundisha kwamba tamko huweza kutangulia matumizi kwa miongo mingi. Jumuiya ya wapenzi wa sinthesaiza haitahitaji kuacha Lusamia ili itumie Kiswahili; itakihitaji pale Msamia anapomuuliza Mteso, au anapoagiza kipuri kutoka Luthuli Avenue, Nairobi.

Kuna pia gharama. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya bando za intaneti. Jumuiya ya mtandaoni inayotegemea video ndefu humwacha nje mwenye bando dogo. Ujumbe mfupi wa sauti na picha moja ya mchoro hugharimu kidogo zaidi, na ujumbe wa sauti una faida nyingine: mafundi husema wanachokijua kwa urahisi kuliko wanavyokiandika.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kazi ya Bamanya imethibitisha kwamba chombo kinaweza kuundwa hapa. Haijathibitisha, wala si jukumu lake peke yake kuthibitisha, kwamba maarifa yake yanaweza kusafiri hadi Masafu bila kupitia Kiingereza. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikusanye lugha ya mafundi wa Busia na Tororo kabla ya kuidhinisha istilahi za elektroniki. Pili, taasisi za muziki za Kampala na Nairobi zitoe maelezo ya Kiswahili ya saketi moja ndogo, yenye hatua za kujenga na za kutafuta hitilafu, na ziyajaribu mezani pa fundi. Tatu, mafanikio yapimwe kwa idadi ya maswali yaliyoulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, si kwa idadi ya maneno yaliyosanifiwa. Siku fundi wa Masafu atakapomweleza mwenzake wa ng’ambo ya mpaka kwa nini sauti yake imepasuka, naye akaelewa, jumuiya itakuwa imeanza.